Mama Kipeuo na Alama Zisizo na Kitufe

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa nane mchana, mchapaji wetu wa hisabati atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho, baada ya kulitumikia shirika letu la vitabu kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Sote tunamwita Mama Kipeuo. Wageni hudhani ana mtoto anayeitwa hivyo. Hana. Kifungua mimba wake ni kinyozi mwenye wateja wengi mtaani kwao, naye amekwisha kulalamika hadharani kwamba mama yake alimpokonya nafasi yake akaipa alama ya hisabati. Mumewe, seremala mpole, alijikuta akiitwa Baba Kipeuo siku ya kwanza alipomletea mkewe chakula ofisini, akaitika bila kuuliza.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye mkuu wa chumba chake cha uchapaji. Nikapewa na faili lake, nene kweli, nichote humo. Katikati ya faili hilo kuna barua moja ya onyo, ya miaka kumi na moja iliyopita. Kwa kanuni zetu, mfanyakazi mwenye barua ya namna hiyo hapewi Hati ya Utumishi Safi, ile inayosomwa mbele ya watu na nakala yake kutundikwa ukumbini. Hupewa cheti cha shukrani, akapigiwa makofi, akaenda zake. Barua ile haikustahili kuwa yake, na mimi najua ilistahili kuwa ya nani. Kwa hiyo nina kazi mbili: kumuaga, na kuhakikisha kwamba Ijumaa anatoka hapa na hati yake mkononi. Naanza kuandika leo Jumatatu bila kujua kama hiyo ya pili nitaiweza. Tuanze na ya kwanza, maana ndiyo tamu.

Alikuja akiwa na miaka ishirini na sita, akakabidhiwa mashine ya taipu iliyokuwa nzito kuliko yeye, ambayo kitufe chake cha herufi N kilitaka kupigwa kwa hasira ndipo kiandike. Mashine hiyo ilikuwa na kila herufi na tarakimu zote, lakini haikuwa na kipeuo cha pili. Wenzake walikuwa wamejitafutia njia ya mkato: wanapiga V kubwa, halafu wanaivika mstari juu, basi. Yeye aliikataa V ile tangu wiki ya kwanza. Aliacha nafasi tupu ya mapigo manne, na ukurasa ulipokwisha aliutoa kwenye mashine, akauweka mezani, akachora kila kipeuo kwa kalamu ya wino mweusi. Seremala, ambaye wakati huo alikuwa mchumba tu anayetafuta sababu za kupita ofisini, alimkatia kigezo kutoka kwenye mfuniko wa ndoo, chenye vipeuo vya ukubwa wa aina tatu: cha namba moja, cha namba mbili, na kile kirefu cha kufunika mabano. Mbele ya zawadi hiyo, wachumba wengine walioleta manukato hawakuwa na lao.

Kitabu chake cha kwanza kilikuwa na vipeuo 1,140, vyote vya mkono. Kifundo cha mkono kilimvimba akaenda nyumbani na bandeji, na dereva wa gari la vitabu ndiye aliyempa jina kesho yake alipomwona anafungua mlango kwa kiwiko.

Mtu aliyemnoa ni mhariri wetu wa hisabati, ambaye tunamwita Mwalimu kwa sababu alifundisha miaka kumi na miwili kabla ya kuja kututesa sisi, na bado anatutesa kwa mkataba baada ya kustaafu. Mwalimu alikuwa na desturi ya kurudisha ukurasa mzima kwa ajili ya kipeuo kimoja ambacho paa lake halikufika mwisho wa namba. Alisema namba iliyobaki nje ya paa inanyeshewa. Mama Kipeuo alirudia kurasa hizo bila kununa, halafu akaanza kumvizia Mwalimu naye. Mwaka wa tatu alimrudishia mswada wenye kosa la jibu, sio la alama, akiwa amelizungushia duara dogo la penseli. Mwalimu aliuangalia mswada ule siku nzima. Jioni alikuja akakiri, na tangu hapo wawili hawa wamekuwa chanda na pete, ingawa hawaachi kukosoana hata kwenye kadi za harusi wanazoalikwa.

Mwaka wa tisa zikaja kompyuta. Ofisi nzima ilishangilia. Yeye alikaa mbele ya kibodi mpya, akaanza kuitafuta alama yake kwa kidole, safu kwa safu, kama mtu anayechambua mchele. Hakuiona. Akaitafuta tena kuanzia kulia. Fundi wa kompyuta alimwambia alama ipo, ila haina kitufe chake: unashikilia kitufe cha Alt, unapiga 251 kwenye tarakimu za upande wa kulia, unaachia. Aliandika namba hiyo kiganjani, akaenda nayo nyumbani. Baada ya mwezi mmoja alikuwa na namba arobaini kichwani. Hadi leo ukimwuliza namba ya simu ya mumewe atafungua kijitabu, lakini ukimwamsha usingizini ukamwuliza alama ya ndogo-kuliko-au-sawa-na, atakwambia 243 na kuendelea kulala. Ushahidi huu ametupa mumewe.

Kitabu cha kwanza cha kompyuta kilipokwenda kiwandani kuchapwa, kilirudi na visanduku vitupu mahali pa vipeuo vyote. Kwetu alama zilionekana, kwao zilikuwa visanduku. Wiki nzima wenye utani wao walimwita Mama Visanduku. Yeye alipanda gari la vitabu hadi kiwandani, akavuta kiti karibu na kompyuta ya mpiga chapa, akafungua faili lilelile na kulinganisha alama moja moja na karatasi yake. Aligundua kwamba zile alizokuwa akizitumia zilikuwa za fonti moja iliyokuwa kwetu tu, na kwamba zipo nyingine zilizosajiliwa kwa namba moja ambayo kompyuta popote ilipo inaitambua, mradi fonti yake inayo alama hiyo. Alirudi na orodha, akaiandika kwenye karatasi ya manila, akaibandika ukutani. Ipo mpaka sasa, imebadilika rangi, na hakuna anayethubutu kuigusa.

Sifa zake zikavuka kuta. Walimu wa shule za mbali walianza kumpigia simu wanapoandaa mitihani. Mmoja alipiga siku moja kabla ya mtihani, akiwa hajawahi kuandika kipeuo kwa kompyuta. Mama Kipeuo alimwelekeza taratibu: shikilia Alt, usiachie mpaka nikuambie. Simu ikakatika. Umeme wetu ulikuwa umezimika na laini ya ofisi ikafa nao. Alipompata tena baada ya dakika ishirini na tano, yule mwalimu alikuwa bado ameshikilia, amebadilisha kidole mara mbili, na mwalimu mwenzake alikuwa anamnywesha chai. Mama Kipeuo husimulia kisa hiki kwa heshima kubwa, na hukasirika tukicheka kabla hajafika kwenye chai.

Lakini kitu kilichokifanya chumba chake kijulikane ni namna yake ya kusahihisha. Kila ukurasa unasomwa na watu wawili: mmoja anasoma mswada kwa sauti, mwingine anafuata kwenye kioo cha kompyuta. Kila alama inatajwa. Fungua mabano, eksi, jumlisha tatu, funga mabano. Tatizo ni kwamba eksi na alama ya kuzidisha zinafanana kwa sura, na jicho lililochoka halizitofautishi, basi yeye aliweka sheria: eksi inatamkwa, ila kuzidisha hakutamkwi, kunagongwa. Ukikuta alama ya kuzidisha unagonga meza kwa kifundo cha kidole. Wapita njia wa ukumbini walikuwa wanajua ni kitabu cha darasa lipi kinasomwa kwa kusikiliza tu jinsi meza inavyopigwa. Vitabu sitini na kimoja vimesomwa hivyo.

Sasa nifike kwenye kazi ya pili.

Mimi nilikuja hapa nikitokea kwenye gazeti, ambako nilipanga kurasa miaka kumi, na nilikuja na kiburi cha kutosha kuwagawia majirani. Nilikuwa kwenye miezi sita ya majaribio. Nyumbani kulikuwa na mapacha wa wiki tatu, na mke ambaye alikuwa hajui tena ipi ni Jumanne na ipi ni Alhamisi. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuja mwenyeji augue.

Tulikuwa tunamalizia kitabu cha aljebra cha sekondari, kurasa 212. Mwalimu alinung'unika kwamba waandishi wamepiga herufi x kila mahali palipotakiwa alama ya kuzidisha, kwa uvivu wa kuitafuta. Siku hiyo, Alhamisi, Mama Kipeuo alikuwa amekwenda kupimwa macho. Nikakaa kwenye kompyuta yake, maana yangu ilikuwa haina fonti zake, na nikafikiri. Kiswahili hakina neno lenye herufi x. Kitabu ni cha Kiswahili. Kwa hiyo kila x iliyomo humu ni alama ya kuzidisha iliyokosewa, na kompyuta inaweza kuzibadilisha zote kwa amri moja. Nilijiona nimegundua dawa. Nikatoa amri. Kompyuta ikajibu kwa adabu kwamba imebadilisha mahali 4,316. Nikahifadhi, nikafunga, nikaenda kunywa chai nikiwa najipongeza.

Alirudi mchana, akafungua ukurasa wa tisa. Ukurasa ulisema 2× + 5 = 11, tafuta thamani ya ×. Aliuangalia kwa muda. Akafungua wa kumi, wa hamsini, wa mia mbili. Kisha alianza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani mipya aliyopewa asubuhi ileile, akanigeukia akasema, "Mwanangu, umewaua eksi wote. Hakubaki hata mmoja wa kuzika wenzake."

Kurudisha kwa amri haikuwezekana, kwani kungezigeuza na alama halali za kuzidisha kuwa eksi. Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma, kabla ya masahihisho ya Mwalimu. Njia ilikuwa moja tu: kusoma kitabu kizima upya, alama kwa alama, kutoka kwenye mswada wenye wino mwekundu. Kiwanda kilikuwa kinatusubiri kesho yake. Yeye alisoma, mimi nikarekebisha. Alisoma Alhamisi mchana ule, Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu, na Jumanne mpaka saa sita. Meza iligongwa siku zote hizo, hata mumewe alipoleta chakula aliuliza kwa upole ni samani gani inayotengenezwa na kwa nini hakuitwa yeye. Sijawahi kucheka sana kama siku zile, na sijawahi kuogopa sana pia. Eksi za kweli zilikuwa 2,907. Tulizirudisha zote.

Kiwanda hakikutusubiri. Zamu yetu alipewa mteja mwingine, na kitabu kilifika shuleni siku tisa baada ya shule kufunguliwa. Mkurugenzi wetu, ambaye ndio kwanza alikuwa ameingia ofisini, alitaka maelezo kwa maandishi. Kosa la namna hiyo kwa mtu aliye kwenye majaribio lilikuwa na jibu moja, na sote tulilijua.

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kuanzia nilipogundua kwamba maelezo yamekwisha kupelekwa. Mama Kipeuo alikuwa ameandika mistari miwili. Kosa limetokea mezani kwangu, kwenye kompyuta yangu. Nimelisahihisha. Mama huyu hasemi uongo, na humo hakuna neno la uongo. Nilimfuata nikamwambia siwezi kukubali. Aliendelea kufuta vumbi kwenye kibodi yake. "Funika kombe mwanaharamu apite," aliniambia. "Wewe una wawili wanaonyonya. Wangu wameshaota ndevu, na mmoja anajua kuzinyoa." Akanikataza nisilitaje tena jambo lile mbele yake wala nyuma yake.

Nilitii, na siwezi kujificha nyuma ya neno hilo. Nilitii kwa sababu ilinifaa. Alipewa barua ya onyo, na mwaka uleule nafasi ya mkuu wa chumba ilikuwa wazi na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha. Mwenye barua ya onyo hapandishwi cheo mpaka ipite miaka mitano. Akaletwa mtu kutoka nje, Mama Kipeuo akamfundisha kazi. Mtu yule alihama baada ya miaka minne. Ulipungua mwaka mmoja. Kiti nikapewa mimi, na ndicho nilichokalia ninapoandika. Siku ile alikuwa wa kwanza kunipa mkono wa pongezi, na mimi nilimshukuru huku nikiangalia viatu vyake. Nimeona haya miaka yote hii, hasa asubuhi, anapoingia na kuniamkia kwa mzaha kama mkubwa wake.

Hayo niliyaandika Jumatatu na Jumanne. Leo ni Jumatano, na nimetoka kwa Mkurugenzi.

Nilimweleza yote bila kupunguza. Alilifungua faili, akaisoma ile barua aliyoisaini mwenyewe, akasoma na mistari miwili ya Mama Kipeuo. Akasema amewahi kujiuliza, kwa kuwa katika faili zima hakuna kosa lingine hata la koma, lakini mtu mzima akishakiri ni nani atambishie. Akaniuliza kwa nini nimekuja sasa na sio jana wala juzi wala miaka kumi iliyopita. Nilimjibu kwamba kunyamaza kulinifaa, ila Ijumaa ni mwisho na sitaki awahadithie wajukuu cheti cha shukrani. Alilifunga faili. Mwisho akasema barua ya onyo haichanwi. Ikigundulika imewekwa kwenye faili lisilo lake, inaandikwa upya kwa jina la mwenyewe. Akataka kuhakikisha naelewa maana yake: miezi sita ya uangalizi, na Desemba wakuu wa idara watakaa kuamua kama kiti hiki nibaki nacho. Nikasema naelewa.

Barua nimeichapa mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi ya chumba chetu. Mwalimu aliisahihisha akanirudishia mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeweka koma mahali palipotaka nukta. Mkurugenzi ameisaini saa tano na nusu. Nadhani mimi ni mtu wa kwanza katika shirika hili kutoka ofisini kwa Mkurugenzi na barua ya onyo huku nikipiga mluzi, na mhudumu wa mapokezi aliniuliza kama nimepandishwa cheo. Mke wangu nilipompigia alilia kidogo, kisha akaniuliza tumnunulie Mama Kipeuo kitambaa cha rangi gani.

Saa nane nilikaa kwenye kompyuta nikaichapa Hati ya Utumishi Safi. Nilimpa Mwalimu asome kwa sauti nami nikafuata, jina, miaka, miezi, tarehe. Iko kwenye bahasha, kwenye droo iliyofungwa.

Mama Kipeuo hajui lolote kati ya haya. Hii ni karatasi ya kwanza kutoka chumbani mwetu bila kupita machoni mwake. Anaamini nimekuwa nikiandaa tangazo la usafi wa madirisha, na ameniuliza mara mbili kwa nini tangazo la madirisha linachukua siku tatu. Mkiona kosa humu, sababu ndiyo hiyo. Atayasikia haya pamoja nanyi nikiyasoma Ijumaa, akiwa safu ya mbele pembeni mwa mumewe. Wanaokaa karibu naye wamzuie asinyanyuke kuja kuninyang'anya kipaza sauti.

Anasema akistaafu atalala mpaka jua limtoe kitandani, kisha atakuwa anakwenda karakana ya mumewe kukosoa vipimo vya meza. Walimu wa shule za mbali wamekwisha kuomba namba yake ya nyumbani, na amewapa, kwa sharti kwamba simu ikikatika waachie kitufe.

Mama, kwa niaba ya chumba, ya Mwalimu, ya Mkurugenzi, ya madereva na walimu na wanafunzi wasiokujua, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne. Kwa niaba yangu na ya mapacha, ambao sasa wako darasa la tano na wanakula kama majeshi, nakushukuru kwa mistari miwili. Ulinikataza nisiseme, nami kwa mara ya kwanza sijakutii, unisamehe. Utakapoitwa mbele, njoo taratibu, maana tutakuwa tumesimama wote. Macho yako yazidi kuona, usingizi wako uwe mtamu, na mapumziko yako yawe marefu na mema wewe na Baba Kipeuo. Faili lako halina doa, mama, wala halikuwahi kuwa nalo.